Plagi Haitoi Moto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kwadi Isiyowaka

Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ina magonjwa mengi, lakini swali linalonifikia kuliko mengine ni hili la moto wa plagi. Majibu haya yanahusu injini ya silinda moja yenye kabureta na CDI (kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche itoke lini), kuanzia cc 110 hadi 250, kwa sababu ndiyo iliyozagaa: kwenye kwadi za kukodisha watalii Nungwi na Diani, kwenye za watoto na za shambani. Mwenye bodaboda ya injini ya CG, ile ya muundo wa Honda CG, naye hatapotea, maana mifumo hii ni baba mmoja mama mmoja. Vipimo nilivyoviandika ni vya kukuonyesha njia. Kitabu cha injini yako kikisema vingine, fuata kitabu.

## Kabla hujashika spana

Nitajuaje kwamba tatizo ni moto, si mafuta?

Vuta choki, piga kiki mara saba au nane, kisha fungua plagi. Ukiikuta imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayaungui, kwa hiyo anza kuushuku moto. Ukiikuta kavu kabisa, usiguse waya hata mmoja. Nenda kwenye tangi, kwenye kichujio, kwenye kabureta.

Dalili nyingine ni namna injini ilivyozima. Injini inayoishiwa mafuta huaga: inakohoa, inanyong'onyea, ukivuta choki inaamka kidogo, ndipo inakata roho. Iliyokatikiwa moto haiagi, inazima papo hapo kama taa iliyozimwa ukutani. Ikizima hivyo halafu ikarudi yenyewe baada ya kupoa, ruka hadi swali la injini inayozima ikipata joto.

Moto wa plagi unatoka wapi, mbona kwadi yangu inawaka hata bila betri?

Unatoka kwenye magneti. Lile gurudumu zito la chuma lililo ubavuni mwa injini lina sumaku ndani, nazo huzunguka kuzipita koili zilizofungwa kwenye sahani. Koili moja kati ya hizo, iliyosukwa kwa waya mwembamba kuliko wenzake, kazi yake ni kuilisha CDI tu. Umeme wake hukusanywa ndani ya CDI kwenye kapasita hadi volti mia mbili, mia tatu hivi. Nje ya magneti kuna kijikoili kingine kidogo, pikapu, kinachokisubiri kinundu kilicho mgongoni mwa magneti. Kinundu kikipita, pikapu inatoa ishara, CDI inaimwaga chaji yote kwa mpigo mmoja kwenye koili ya plagi, na koili inaupandisha umeme huo kuwa maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 15,000. Hapo ndipo cheche inaruka.

Kwenye nyingi ya injini hizi cheche hutoka kila mzunguko wa shafti, ingawa injini ya mipigo minne inaihitaji kila baada ya mizunguko miwili. Ile ya ziada inatoka wakati moshi unasukumwa nje na haina madhara. Kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, plagi inarusha cheche 50 kila sekunde. Kwenye mfumo wa namna hii, cheche ikikosekana moja au mbili husikii, zikikosekana kumi unaanza kumtafuta fundi.

CDI yangu ni ya AC au ya DC?

Hili lijue kwanza, maana majibu mengi huko mbele yanategemea hapa. Ile niliyoieleza juu ni ya AC: inalishwa na magneti, betri ni ya stata na taa tu. Ya DC inakula volti 12 za betri na kuzipandisha yenyewe, kwa hiyo betri ikifa, moto nao umekufa.

Kama kwadi haiwaki kabisa, chomoa soketi ya CDI, washa ufunguo, weka swichi nyekundu ya hendeli kwenye kuendesha, kisha pima kila waya wa upande wa kwadi kwa mita. Ukikuta volti 12 kwenye mmojawapo, ni ya DC. Usipokuta, na kuna waya mweusi wenye mstari mwekundu unaotoka kwenye injini, karibu hakika ni ya AC.

Nahitaji vifaa gani?

Spana ya plagi, plagi mpya unayoiamini, mita ya umeme, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), msasa laini na dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi. Mita ya bei ya chini inatosha kwa zaidi ya nusu ya kazi. Pula ya kuvutia magneti na taa ya taimingi, yaani ya kuangalia wakati cheche inapotoka, azima siku ukizihitaji, wala si lazima uzihitaji.

Nikirushwa na waya wa plagi kuna hatari gani?

Mafundi wengi tumerusha mikono mara kadhaa na tupo. Lakini mtu mwenye kifaa cha kuendeshea mapigo ya moyo asisogee kabisa, na mtu mwenye mkono karibu na mnyororo au feni ajue kwamba umeme ukimrusha hatachagua mkono utatua wapi.

Hatari ninayoiogopa mimi ni petroli. Tundu la plagi likiwa wazi, kila unapopiga kiki linatema mvuke wa mafuta, nawe umelaza plagi inayorusha cheche sentimita tano pembeni. Dawa yake ni rahisi: rudisha plagi ya zamani kwenye tundu lake, na utumie ile mpya kupimia.

## Plagi yenyewe

Nipimeje moto bila kuunguza kitu?

Vua kofia ya plagi, ivike kwenye plagi mpya, kisha zilaze nyuzi za plagi juu ya chuma kitupu cha injini. Si juu ya rangi wala juu ya bolti lenye kutu. Ibane kwa waya au ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki. Sogeza kwadi kivulini, washa ufunguo na swichi ya hendeli, piga kiki kwa nguvu huku ukiiangalia ncha.

Usipime kwa kuuning'iniza waya hewani ili uone unaruka umbali gani. Umeme ukikosa njia fupi ya kwenda ethi, yaani kwenye chuma cha injini au fremu, unajitafutia njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni kupasua kihami cha ndani ya koili au kuiunguza CDI. Nimeona mtu akija na tatizo la swichi akaondoka na tatizo la koili kwa ajili ya mchezo huu.

Cheche inapaswa kuwa ya rangi gani?

Ya buluu inayokaribia weupe, nene, yenye mlio wa "ta!" unaousikia. Nyembamba ya njano au nyekundu ni dhaifu, na injini inaweza kugoma ingawa macho yako yameona moto. Juani hata nzuri haionekani, ndiyo maana nimesema kivulini.

Nje plagi inatoa moto mzuri, nikiifunga injini haiwaki. Inakuwaje?

Hewa ya kawaida inahitaji karibu volti 3,000 kwa kila milimita ili cheche iruke. Ndani ya silinda pistoni imeibana hewa hiyo, na hewa iliyobanwa inahitaji volti nyingi zaidi kwa gepu (nafasi ya ncha ya plagi) lile lile. Koili iliyochoka inaweza kurusha cheche nje vizuri tu kisha ikashindwa ndani.

Kwa hiyo ipe mtihani mgumu zaidi. Kuna vijaribio vya cheche vinavyouzwa, vya kuweka gepu pana la kama milimita 6. Ukikosa, chukua plagi ya zamani, ikate ile kucha ya pembeni kabisa, uilaze kwenye chuma kama kawaida. Cheche sasa inalazimika kuruka kutoka katikati hadi ukingoni. Ikiruka kwa mlio, koili yako ni nzima na tatizo liko kwingine: taimingi, valvu, au kompresheni. Kwa taimingi soma swali la injini inayopiga kishindo.

Plagi niliyoitoa inanieleza nini?

Rangi ya chai ya maziwa: afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: mafuta mengi kuliko hewa, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi, au moto dhaifu. Nyeusi yenye oili inayong'aa: ringi au sili za valvu, na hapo plagi mpya ni kununua siku chache tu. Nyeupe iliyokauka, au yenye vipele: injini inachemka au inavuta hewa mahali.

Masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Badala ya kuruka gepu, umeme unatambaa juu ya kauri iliyochafuka hadi ethi. Ndiyo sababu kuichoma plagi kwenye jiko la gesi kunasaidia siku moja kisha hali inarudi pale pale: petroli imekauka, kaboni imebaki.

Muuza spea ananiuliza namba. CR7HSA na D8EA zina tofauti gani?

Hizo ni namba za kampuni ya plagi ya NGK, na herufi zake zina mpangilio. Ya kwanza ni unene wa uzi: C ni milimita 10, D ni 12, B ni 14. R maana yake ina rezista ndani. Tarakimu ni joto, na kwa NGK kubwa zaidi ni plagi inayopoa haraka zaidi. Herufi baada ya tarakimu ni urefu wa uzi: H ni milimita 12.7, E ni 19. Hivyo CR7HSA ni nyembamba na fupi, ya injini ndogo za cc 110 na za GY6 (injini za aina ya skuta), na D8EA ni ile ya CG ambayo kila duka la bodaboda linayo.

Urefu wa uzi usiuchezee. Plagi ndefu mno inaweza kugongana na pistoni. Fupi mno inaacha nyuzi za kichwa wazi zijae kaboni, na siku ukirudisha iliyo sahihi haiingii.

Gepu liwe kiasi gani, na plagi ikazwe vipi?

Nyingi ya injini hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Pima hata plagi mpya, kwa sababu huanguka dukani na kucha ikajipinda. Funga kwa vidole mpaka ikae, kisha spana nusu mzunguko kama ni mpya. Iliyowahi kufungwa, washa yake (ile pete ya chuma) imeshabanwa, kwa hiyo robo ya hiyo inatosha. Kichwa cha injini ni aluminiamu.

## Swichi za kuzimia: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Moto umepotea ghafla. Nianze na CDI au koili?

Hakuna hata moja. Anza na waya wa kuzimia.

Kwenye CDI ya AC, kuzima injini hakukati umeme. Kunaupeleka ethi. Ufunguo, swichi nyekundu ya hendeli, kamba ya usalama ya mtoto na kipokezi cha rimoti vyote vinaning'inia kwenye waya mmoja, kwa kawaida mweusi wenye mstari mweupe kwenye injini za Kichina zilizofuata rangi za Honda. Kimoja chochote kikigusa ethi, moto hakuna, na kila kifaa kingine ni kizima.

Chomoa soketi ya CDI, utoe pini ya waya huo peke yake, irudishe soketi, upime moto upya. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima, koili nzima, magneti nzima. Kosa liko kati ya hapo na hendeli. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na hakina gharama, lakini watu wanakiruka.

Kwadi moja ya kukodisha ililetwa kwangu ikiwa na CDI ya tatu, koili mpya na plagi inayong'aa. Mwenyewe alikuwa amechoka hata kulalamika. Nilipotoa pini nyeupe-nyeusi ikawaka kiki ya pili. Tukaufuata waya mpaka chini ya hendeli, pale wayaringi inapopita shingoni mwa fremu: palikuwa na mchubuko usiozidi punje ya mchele, na ukikata hendeli kushoto, shaba inabusu fremu. Utepe wa umeme, tai mbili za plastiki, basi. Zile CDI mbili za zamani nilizijaribu kwenye kwadi nyingine. Zote zilikuwa hai.

Na kama CDI yangu ni ya DC?

Hapo kanuni imegeuka. Swichi inazima kwa kukata volti 12, kwa hiyo unatafuta umeme uliokosekana, si umeme uliovuja. Pima volti kwenye soketi ya CDI ufunguo ukiwa umewashwa. Zisipokuwepo, rudi nyuma hatua kwa hatua: fyuzi, ufunguo, swichi ya hendeli. Swichi ya hendeli iliyonyeshewa ndani ina kutu ya kijani kwenye vidole vyake vya shaba. Ifungue, pitisha msasa, puliza dawa.

Kwadi ya mtoto ina rimoti. Inaweza kuwa ndiyo?

Sana. Kile kiboksi kilichofichwa chini ya kiti kina rilei inayoipeleka CDI ethi unapobonyeza rimoti, na rilei hizo si za kuaminika zikishaonja unyevu. Kichomoe kabisa soketi yake na upime tena. Angalia pia kamba ya usalama: kikofia chake kinapotea, watoto wanachomeka kijiti, na kijiti kinateleza.

Basi niikate tu hiyo waya niendeshe bila swichi?

Kupimia, sawa. Kuendesha, hapana, na ya mtoto hata usiniulize. Kwadi ikipinduka na kifinyio cha mafuta kimekwama, swichi ile ndiyo pekee inayokuokoa kati ya mwili wako na tairi linalozunguka.

Inakohoa na kukataa resi kama imefungwa kamba, lakini silensa (mngurumo wa injini bila kufinya mafuta) iko vizuri. Ni moto?

Ni moto, ila huenda umekatwa kwa makusudi. Kwadi nyingi za kazi zina kidhibiti cha mwendo wa kurudi nyuma: ukiingiza rivasi, CDI inaanza kuruka baadhi ya cheche ili usikimbie kinyumenyume. Swichi ya rivasi kwenye giaboksi ikikwama, kwadi inadhani iko rivasi daima. Ichomoe waya wake uone kama resi inafunguka.

Yamaha za zamani zenye kabureta, kama Banshee, Blaster na Warrior, zina ulinzi wa aina nyingine: swichi mbili, moja kwenye kifinyio na moja kwenye kabureta, zinazokata moto ikiwa umeachia kifinyio lakini kabureta haijajifunga. Waya wa kifinyio ukilegea, swichi hizo zinapishana na injini inakatikakatika bila ugonjwa wowote wa kweli. Rekebisha ulegevu wa kebo kabla ya kitu kingine.

## Kofia, koili, magneti, CDI

Kofia na waya wa plagi napimaje?

Kofia inafunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa kutoka kwenye waya. Pima kutoka mwisho hadi mwisho: nyingi zina rezista ya omu 5,000. Ukikuta haisomi kabisa, imekatika ndani. Kisha kata milimita tano za ncha ya waya upate shaba safi, na uizungushie kofia upya. Kazi hii ndogo imeamsha kwadi nyingi za ufukweni, maana chumvi hupenda kujificha hapo. Usiku, injini ikiwa inanguruma, angalia waya huo gizani: ukiona vimulimuli vya buluu vinacheza juu yake, umechanika.

Koili je?

Vipimo viwili. Upande wa kuingilia, kutoka pini hadi ethi ya koili, ni kitu kidogo sana: chini ya omu 1. Gusanisha kwanza ncha za mita yenyewe uone inasoma ngapi, kisha toa. Upande wa plagi, kofia ikiwa imetolewa, ni maelfu: kwa nyingi kati ya 3,000 na 10,000. Mita isiposoma kabisa, koili imekatika. Kumbuka koili inapata ethi kupitia bolti lake, na fremu iliyopigwa rangi upya kwa mapenzi ya mwenyewe mara nyingi imefunika chuma pale pale. Kwaruza rangi chini ya bolti.

Koili za ndani na pikapu nazipimaje bila kufungua injini?

Zinatoka nje kwa soketi. Ichomoe na upime upande wa injini. Waya wa kulisha CDI hadi ethi huwa kati ya omu 150 na 800 kutegemea injini. Pikapu, kwenye nyingi buluu yenye mstari mweupe, ni kama 100 hadi 300. Sifuri ni shoti, mita kutosoma kabisa ni kukatika.

Omu pekee hazitoshi, kwa kuwa koili inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia na kushindwa ikizunguka. Weka mita kwenye volti za AC na upige kiki: koili ya kulisha inapaswa kuruka kwenye makumi ya volti, pikapu ni sehemu ndogo tu ya volti moja lakini sindano au namba isogee. Mita za kawaida ni nzito kukamata mpigo wa haraka hivyo. Vitabu vingi vya Honda vinataka adapta ya kupimia kilele cha volti, na vinatoa kiwango cha chini cha volti 100 kwenye kuingilia koili na 0.7 kwa pikapu. Ukimpata fundi mwenye adapta hiyo, mheshimu.

Pikapu ikisoma sawa na moto haupo, fungua kifuniko uangalie nafasi kati yake na kinundu. Inapaswa kuwa chini ya milimita moja, na vumbi la chuma lililonaswa na sumaku yake lifutwe.

Nitajuaje CDI imekufa?

Haina kipimo cha kuaminika kwa mita. Inahukumiwa kwa kuwaondolea wengine lawama: waya wa kuzimia umechomolewa, koili ya kulisha inatoa, pikapu inatoa, ethi ya CDI inasoma sifuri hadi kwenye injini, koili na kofia ni nzima, na bado moto hakuna. Hapo, na si kabla ya hapo, nunua CDI. Muuza spea hatakurudishia hela ya kifaa cha umeme ulichokwisha kukichomeka.

CDI ya bodaboda inaingia kwenye kwadi?

Soketi kuingia si ushahidi. Ya AC kwa AC na ya DC kwa DC, la sivyo ama hakuna moto ama unaiunguza. Linganisha kila pini kwa rangi na kazi, siyo kwa idadi. Hata zikikubaliana, ramani ya taimingi na kikomo cha resi vinaweza kutofautiana, kwa hiyo kwadi itawaka ila haitakuwa ile uliyoizoea.

## Visa vigumu

Asubuhi inawaka vizuri, ikipata joto inazima na hairudi mpaka ipoe.

Mshukiwa wa kwanza ni koili ya kulisha CDI, wa pili ni pikapu, wa tatu koili ya plagi. Waya mwembamba uliokatika ndani unagusana ukiwa baridi, chuma kikitanuka unaachana. Kosa hili huwezi kulikamata ukiwa umepoa. Endesha mpaka izime, simama hapo hapo, chomoa soketi upime omu kabla hata kofia hujavua kichwani. Usipoweza, pasha koili kwa kikausha nywele huku mita imeunganishwa na uangalie namba. Ikipotea, umemshika mwizi. Kabla hujahukumu umeme, angalia pia valvu: zilizobana sana hupoteza kompresheni injini ikichemka na kuiga ugonjwa huu.

Imegoma baada ya kuoshwa, au baada ya kupita maji ya bahari.

Maji matamu yanakauka. Vua kofia, puliza, chomoa soketi zote, acha juani saa moja. Ya chumvi hayaendi hivyo: yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu kila usiku, na soketi zinaota kijani ndani ya wiki chache. Osha soketi kwa maji matamu kwanza, kisha dawa, kisha grisi ya silikoni ndani ya kofia na kwenye pini. Za kukodisha ufukweni mimi nazifanyia hivyo kila mwezi, ziwe zinaumwa au haziumwi. Na mwosha kwadi aelezwe: mashine ya presha isielekezwe kwenye plagi wala chini ya kiti.

Moto upo, petroli ipo, lakini inapiga kishindo kwenye kabureta au kiki inarudisha mguu.

Cheche inatoka wakati usio wake. Magneti imekaa kwenye shafti kwa kifunguo kidogo cha nusu mwezi, na nati ikilegea au kwadi ikigonga kitu kwa nguvu, kifunguo kinakatika na magneti inateleza. Mfumo mzima ni mzima, saa tu ndiyo imepotea. Toa magneti kwa pula, kamwe si kwa nyundo, maana sumaku za ndani zinapasuka au kubanduka. Badilisha kifunguo hata kama kimejikunja kidogo tu. Ukiwa na taa ya taimingi, alama ya F ndiyo inayopaswa kuonekana injini ikiwa kwenye silensa. T ni pistoni kuwa juu kabisa.

Kama juzi kuna mtu alibadilisha koili za ndani, angalia kama nyaya mbili za pikapu hazikupishanishwa. Zikigeuzwa, moto unatoka lakini umechelewa au umewahi.

Kwa kiki inawaka, kwa stata haitoi moto kabisa.

Hii ni ya CDI ya DC. Stata inapokunywa umeme, betri dhaifu inaporomoka. Pima volti za betri wakati stata inazungusha: ikishuka chini ya 10 hivi, CDI inakosa chakula. Chaji au badilisha betri, na usafishe waya wa ethi unaokwenda kwenye injini.

Naweza kuchomelea fremu bila kutoa kitu?

Chomoa betri na soketi ya CDI kwanza, na ethi ya mashine ya kuchomelea ibane karibu na pale unapochoma. Umeme wa mashine ile ukipita ndani ya CDI, utarudi kwenye ukurasa huu kuanzia mwanzo.

Nimeshindwa, nampelekea fundi. Nimwambie nini?

Mwambie ilizima vipi: ghafla au kwa kukohoa, baridi au moto, kavu au baada ya maji. Mwambie kama ulichomoa waya wa kuzimia na kilichotokea. Mwandikie omu ulizosoma, hata kama unaona aibu na mita yako ya sokoni. Kama kuna spea umeshabadilisha, mpe na za zamani ndani ya mfuko. Na ile plagi uliyoitoa mara ya kwanza usiisafishe, mpelekee na uchafu wake.